Kuchora utegemezi wa vifurushi vya Ubuntu kwa debtree na Graphviz

Si lazima uwe umeweka programu ndipo uchore vifurushi inavyovihitaji. debtree husoma orodha za vifurushi ambazo apt (kiweka-programu cha Ubuntu) imeshapakua, na Graphviz hugeuza matokeo kuwa picha, kwa hivyo ukiwa Kisumu na bando la kuhesabu, gharama yako ni hizi mbili tu:

sudo apt update
sudo apt install debtree graphviz

Tuchukue vlc, kicheza video. debtree itaandika faili ya .dot, na dot ya Graphviz itaigeuza kuwa picha:

debtree --no-recommends --max-depth=2 vlc > vlc.dot
dot -Tsvg vlc.dot -o vlc.svg

Fungua vlc.svg kwa brauza. Mshale ukitoka A kwenda B, A ndiyo inayomhitaji mwenzake. Wengi huusoma kinyume. Mishale ya bluu ni mahitaji ya lazima, myekundu ni vifurushi visivyokaa pamoja.

Ukiondoa --max-depth utapata mchoro kama nyavu zilizorundikwa ufuoni Dunga. Anza na 2, panda polepole. Usitumie PNG kwa mchoro mkubwa: dot hulalamika kwamba picha imezidi kipimo, huipunguza, na maandishi hayasomeki tena. SVG unaivuta karibu upendavyo.

Mishale ikiwa bado mingi, pitisha faili kwenye tred, inayokuja na Graphviz:

tred vlc.dot | dot -Tsvg -o vlc-fupi.svg

Hapa ndipo watu huumia. Tuite vifurushi kwa majina ya miji: chukulia kuna mshale Kisumu kwenda Kericho, Kericho kwenda Nakuru, na mwingine wa moja kwa moja Kisumu hadi Nakuru. tred hufuta huo wa tatu, kwa kuwa Nakuru inafikika kupitia Kericho. Kwa macho ni nafuu, lakini hitaji lililofutwa lipo kwelikweli. Ukiiondoa Kericho, Kisumu bado inaitaka Nakuru. Tena penye mzunguko (maktaba libc6 inahitaji libgcc-s1, nayo inahitaji libc6) tred hutoa onyo, na mishale inayobaki hutegemea mpangilio wa faili.

Ukihariri faili ya .dot kwa mkono, jina lenye kistari lifungie alama za nukuu, "libgcc-s1", la sivyo dot itakataa mstari huo.

Na usifute kifurushi kwa kuangalia mchoro uliopunguzwa. Uliza apt kwanza. rdepends huorodhesha vinavyokihitaji kifurushi, na -s huigiza tu, haigusi kitu:

apt-cache rdepends --installed libgcc-s1
apt-get -s remove vlc