Somo: Mmulike mteja kwa taa ya Wood kabla ya kumchubua uso

Wapendwa, asidi ya kuchubua uso usiishike kabla hujajua doa la mteja limekaa wapi. Taa ya Wood hutoa mwanga wa urujuanimno, nanomita 365 hivi.

Kwanza, mteja aje bila poda wala krimu, na asioshe uso dakika hiyohiyo. Sabuni, mafuta ya mgando na nyuzi za taulo hung'aa, ukadhani ni ugonjwa.

Pili, giza totoro. Jua la Mtwara hupenya ufa wowote. Mimi dirishani natundika doti nzima ya kanga. Iache taa iwake dakika moja, macho yako yazoee giza. Mteja afumbe yake. Mmulike kwa umbali wa sentimita 10 hadi 30.

Tatu, soma rangi. Mbalanga huwaka weupe wa samawati, ukingo wake kama umechorwa kwa kalamu. Baadhi ya mabaka ya fangasi, manjano ya dhahabu. Vitundu vya pua vyenye bakteria wa chunusi, nukta za chungwa. Baka jeusi likizidi kukolea, rangi iko juu. Lisipobadilika, huenda imezama, na kuchubua hakutaifikia.

Hapo kwenye baka jeusi tuwe waangalifu sana. Ngozi zetu zina rangi nyingi inayoumeza mwanga, kwa hiyo taa haitenganishi vizuri cha juu na cha chini. Nilimpokea mama mbangua korosho, shavu limeunguzwa na mafuta ya ganda, baka lina umbo la kidole alichojifutia jasho. Taa haikunipa jibu. Sikumchubua: ngozi iliyoungua ukiichokoza huzidi weusi. Nilimwambia ajikinge na jua na avumilie miezi.

MASWALI

Dada, taa ya kukaushia kucha inafaa? (Masasi)
Hapana, mdogo wangu. Ina zambarau nyingi inayoonekana, nayo hufunika mng'ao hafifu wa ngozi. Ya Wood ina kioo kinachoizuia.

Mwanga wenyewe unatoa madoa? (Lindi)
Hautoi. Ni wa kuangalizia tu.

Mteja wangu katumia mkorogo miaka, mashavu yamekuwa ya bluu-nyeusi. Nimmulike? (Newala)
Usimmulike wala usimchubue, shoga. Haidrokwinoni na zebaki, viambato vya kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku nchini kwenye vipodozi kwa madhara kama hayo. Aache leo, umsindikize hospitali ya Ligula, Mtwara, akaonwe na daktari, na kopo lake alibebe.