Mwanzo, chanzo au chimbuko? Namna ya kuchagua neno

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi huku Isongole, Rungwe. Msimu wangu wa kwanza niliandika kwenye muhtasari: "Mwanzo wa hasara yetu ni lumbesa." Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani. "Katibu mwanangu, huo ukiwa mwanzo, mwisho wake uko ukurasa wa ngapi?" Watu wakacheka, nami nikapata kipimo.

Andika sentensi yako, halafu jaribu kuweka "mwisho" mahali pa "mwanzo". Ikikubali, mwanzo ni sahihi: mwanzo wa mvua, mwisho wa mvua. Ikigoma, tazama unajibu swali gani.

Ukijibu "kwa nini?", andika chanzo. Lumbesa ni chanzo cha hasara: gunia linajazwa hadi linapitiliza mdomo, bei inabaki ya gunia moja. Chanzo pia ni pale kitu kinapotoka, ndiyo maana tunasema vyanzo vya maji. Ukiandika "mianzo ya maji", mtu wa Iringa atasoma mianzi na kukuuliza ulanzi, ile pombe ya mianzi, uko wapi.

Ukijibu "kutoka wapi?", kuna asili na chimbuko. Asili naiweka kwa watu na mbegu: asili yake Makete. Chimbuko, nikilisikia tu naona jembe, kwa hiyo nalitunzia mambo yaliyozama chini sana, kama mila au ugomvi wa mipaka ya mashamba. Usiandike "chimbuko la kikao". Kikao kilianza saa nne, basi.

Awali ni la wakati, nalo wanunuzi wanalipenda: malipo ya awali. Utangulizi na dibaji ni vya vitabu. Uzinduzi waachie wenye kukata utepe. Kwangu mimi anayezinduliwa ni aliyezimia.

Lililobaki ndilo nilipendalo, malimbuko. Ni mazao ya kwanza kabisa ya shamba, yale tunayoyapeleka kanisani kabla hata hatujauza gunia moja. Ukilibadilisha na mwanzo, unabaki na tarehe tu, sadaka imepotea. Mwaka huu mhazini aliandika daftarini: "Mwanzo wa mavuno, madebe mawili, kanisani." Nikakata kwa kalamu nyekundu, nikaandika malimbuko. Mwenyekiti akasoma, akafunua ukurasa.