Pilau ya maharagwe: maharagwe yaive kwanza, mchele ufuate

Pilau hii huharibika pale maharagwe yaliyoiva nusu yanapotiwa pamoja na mchele. Mchele ni wa dakika 20 hivi. Maharagwe makavu hapa Nairobi yanataka saa moja na nusu, pengine mbili, kwa sababu tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Usipike kwa saa ya mtu wa Mombasa.

Kwa watu watano: maharagwe ya nyayo kikombe 1, mchele wa pishori wa Mwea vikombe 2, vitunguu 3 vikubwa, vitunguu saumu punje 6, tangawizi ukubwa wa kidole gumba, mafuta vijiko 5, mdalasini kijiti 1, iliki 5, karafuu 5, pilipili manga punje 8, na jira ya kusaga vijiko 2 vidogo.

Hatua ya 1. Chambua maharagwe, yaoshe, yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine, kisha chemsha kwa moto mkali dakika 10 kamili kabla ya kupunguza. Usiziruke dakika hizo: maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya kutapisha, na moto wa pole hauiondoi. Nyanya na limau zikae mbali, uchachu huyachelewesha kulainika. Magadi huharakisha, ila wali utanuka sabuni. Bonyeza punje kati ya vidole: ipondeke yote bila kiini kigumu, ganda likiwa bado zima. Yakikataa kuiva hata baada ya saa tatu, ni ya zamani. Hayo hayafai pilau. Chuja, na mchuzi wake uuweke.

Hatua ya 2. Hapa ndipo pilau ilipo. Kata vitunguu vyembamba na sawasawa, vikaange dakika 15 hadi 20 ukikoroga, mpaka vifanane na gome la mdalasini. Rangi ya pilau hutoka hapa, si kwenye pakiti ya masala. Vikishakolea, nyunyiza maji vijiko viwili. Utaona rangi ikiachia sufuriani. Ukisikia harufu ya uchungu, vimeungua. Anza upya, hakuna kiungo kitakachoificha.

Hatua ya 3. Tia saumu na tangawizi zilizotwangwa, viungo vizima, na jira mwisho kwa sababu huungua upesi. Dakika moja tu. Maharagwe yafuate, yageuze taratibu dakika 3.

Hatua ya 4. Pima mchuzi wa maharagwe, ongeza maji hadi vikombe 3 na nusu, tia chumvi. Onja: uzidi chumvi kidogo, mchele utainyonya. Ukichemka, tia mchele ulioosha mara tatu na kuchuja. Geuza mara moja, kisha weka mwiko chini, maana kukoroga huvunja mchele na kuponda maharagwe.

Vishimo vikitokea juu ya wali, funika vizuri. Kwenye jiko la makaa, punguza moto wa chini na upalie makaa juu ya kifuniko. Kwenye gesi, moto mdogo kabisa, na kikaango kizito chini ya sufuria kama mwali bado ni mkubwa. Dakika 15. Zima, acha dakika 10 bila kufunua, kisha geuza kwa uma ukianzia pembeni na upakue na kachumbari.