Kumvua na kumtambua trauti wa kahawia ziwani

Mtafute samaki huyu, trauti wa kahawia, alfajiri au jua linapozama, kwenye kingo ambapo kina hushuka ghafla na pale mto unapoingia ziwani. Hupenda maji ya nyuzi 12 hadi 16 za Selsiasi. Yakizidi 20 huzama kilindini na kuacha kula.

Tumia mshipi wenye unene wa milimita 0.20 na chambo bandia cha chuma kinachong'aa, cha gramu 7 hadi 10. Kirushe sambamba na ufuko, kiache kizame, kisha ukivute polepole ukisimama mara kwa mara, maana mara nyingi hudaka chambo kinaposita. Kosa kubwa ni kuingia majini kwa kishindo: samaki huyu ni mwoga mno, na huenda alikuwa miguuni pako.

Kumtambua, anza na mkia. Wa kahawia hana madoa mkiani, au anayo machache tu. Trauti wa upinde wa mvua, aina nyingine ya trauti, amejaa madoa meusi hapo. Ubavuni tazama madoa meusi na mekundu yenye duara hafifu. Rangi pekee isikudanganye, kwani katika maziwa makubwa hugeuka wa fedha na wekundu hupotea.

Ukimrudisha, lowesha mikono kwanza. Mikono mikavu humtoa ute unaomkinga na maradhi.