Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanga Ukaguzi wa Mfumo wa Faili kwenye Kompyuta za Linux Zilizo Mbali

Kabla ya jambo lingine lolote, hakikisha kwamba ipo njia ya kuifikia kompyuta hata pale ambapo mfumo endeshi haujamaliza kuwaka. Patisheni kuu (sehemu ya diski yenye mfumo endeshi) hukaguliwa mapema, kabla huduma ya SSH, yaani ile ya kuingia kwa mbali, haijaanza. Kwa hiyo fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, ikikuta hitilafu isiyoweza kuirekebisha bila kuuliza, mashine huingia katika hali ya dharura na kusubiri nenosiri la root (akaunti ya msimamizi mkuu) mbele ya skrini isiyo na mtu. Konsoli ya mbali, iwe ya IPMI (njia ya kuisimamia seva kupitia maunzi yake) au ile anayoitoa mtoa huduma wa seva pepe, ijaribiwe siku kadhaa kabla kwa kuingia hasa na kuandika nenosiri hilo. Akaunti ya root ikiwa imefungwa, baadhi ya mifumo hukataa kabisa kuifungua konsoli, na hilo ni afadhali kulijua mapema.

Nakala rudufu iwe mahali pengine, na iwe imejaribiwa kurejeshwa. Fsck huokoa muundo wa mfumo wa faili, si lazima yaliyomo.

Kisha tambua aina ya mfumo wa faili: ext4, XFS au Btrfs. Kwa ext4, amri ya tune2fs -l huonyesha mstari wa "Maximum mount count". Thamani ikiwa -1, ukaguzi wa kuhesabu mara za kuunganishwa (mount) umezimwa, na ndivyo ilivyo kwa mifumo mingi iliyoundwa tangu toleo 1.42 la e2fsprogs, kifurushi cha zana za ext4, hata kama msimamizi anaamini kuwa ukaguzi unaendelea. Kwa XFS, fsck.xfs kwa kawaida haifanyi lolote wakati wa kuwaka, na kazi ni ya xfs_repair juu ya patisheni isiyotumika. Btrfs ina scrub, yaani ukaguzi wa usahihi wa data, ambao huendeshwa mashine ikiwa kazini.

Katika /etc/fstab, faili inayoorodhesha patisheni za kuunganishwa, tazama namba iliyo katika safu ya sita ya kila mstari: 1 kwa patisheni kuu, 2 kwa nyingine, na 0 kwa isiyokaguliwa. Diski ya data ambayo mashine inaweza kuwaka bila hiyo ipewe chaguo la nofail, ili mashine iendelee kuwaka hata diski hiyo isipopatikana. Usikubali kamwe kuweka fsck -y (inayojibu "ndiyo" kwa kila swali) ndani ya cron, kipanga-kazi cha kujiendesha, dhidi ya patisheni iliyounganishwa, kwani huko ndiko kuharibu data kwa mkono wako mwenyewe.

Mashine zisipangiwe usiku mmoja zote. Anza na moja, upime muda wake, maana diski kubwa yenye faili nyingi inaweza kuchukua muda mrefu, na asiyejua huidhania imekwama na kuizima katikati ya ukarabati.

Ukilazimisha ukaguzi kwa kigezo cha kerneli (kiini cha mfumo endeshi) cha fsck.mode=force, kiondoe baadaye, la sivyo utarudiwa kila mashine inapowaka. Kwa ext4, mwishoni soma tena tune2fs -l: tarehe ya "Last checked" isipobadilika, ukaguzi haukufanyika.