Jinsi ya kuiga kwa kompyuta plazima ya mwanya mwembamba

Mwanafunzi wa fizikia aliyeko Malindi, akiwa na kompyuta ya mkononi ya kawaida, anaweza kuiga plazima, yaani gesi yenye elektroni na ayoni (atomi zenye chaji) inayopitisha umeme, katika mwanya wa mikromita 100, mradi aanze na mwelekeo mmoja tu, kutoka kathodi (bamba hasi) hadi anodi (bamba chanya). Achague argoni badala ya hewa, kwa sababu hewa yetu ya pwani ina mvuke mwingi wa maji, na mvuke huo huleta ayoni hasi na mimenyuko mingi inayoficha makosa ya msingi.

Andika mlingano wa mwendelezo, unaohesabu jinsi idadi ya chembe inavyobadilika, kwa elektroni na kwa ayoni, na ule wa Poisson unaotoa uga wa umeme kutokana na chaji. Ongeza mlingano wa nishati ya elektroni, kwani karibu na kathodi uga hubadilika ghafla, na uzalishaji wa ayoni hautegemei tena uga wa mahali hapo pekee. Viwango vya mimenyuko hukokotolewa kwa programu ya BOLSIG+, kwa data za migongano ya elektroni na atomi zinazopatikana katika hifadhi ya mtandaoni ya LXCat.

Gridi, yaani mgawanyo wa mwanya katika vipande vidogo viitwavyo seli, yataka uangalifu mkubwa. Elektroni zikiwa 10¹⁹ katika mita moja ya ujazo, zenye halijoto ya elektronivolti 1, urefu wa Debye, yaani umbali ambao plazima huficha uga wa chaji, ni takriban mikromita 2.4; seli ziwe ndogo kuliko hapo, hasa karibu na kathodi. Mtiririko wa chembe kati ya seli ukokotolewe kwa mbinu ya Scharfetter na Gummel ya mwaka 1969, ambayo hubaki thabiti hata uga unapokuwa mkali. Unganisha rezista kwenye saketi ya modeli, la sivyo mkondo utakua bila kikomo.

Namba ninayoihofia kuliko zote ni gama, yaani wastani wa elektroni zinazong'olewa na kila ayoni inayogonga kathodi. Endesha hesabu kwa 0.01, kisha kwa 0.1, uone matokeo yanavyotofautiana kabla hujaongeza mmenyuko wowote mpya. Hifadhi hali ya hesabu mara kwa mara, maana stima hupotea.

Usiamini mchoro wowote kabla ya kujumlisha mkondo wa chembe na ule unaotokana na kubadilika kwa uga: katika kila wakati, jumla hiyo lazima ilingane kote mwanyani. Kisha linganisha volti ambayo gesi huanza kupitisha umeme na sheria ya Paschen ya mwaka 1889, inayoonyesha kwa mkunjo jinsi volti hiyo inavyotegemea shinikizo la gesi mara upana wa mwanya, ukikumbuka kwamba katika mianya ya mikromita chache uga wenyewe hung'oa elektroni kwenye metali, na mkunjo huo haufuatwi tena.