Mikeka, kofia na picha: namna ya kuzikusanya na kuzionesha katika maktaba ya umma Pemba

Maktaba haihitaji chumba cha makumbusho ili iwe na mkusanyo wa sanaa wa maana. Inahitaji ukuta mkavu, kabati lenye kufuli, na daftari linaloandikwa siku ile ile kazi inapopokewa. Tuanze na daftari, maana ndilo linaloachwa nyuma.

Kila kazi ipewe namba ya mwaka na mfululizo: 2025.1, 2025.2 na kuendelea. Kando yake andika jina la msanii kama anavyotaka lisomeke, shehia yake, vipimo kwa sentimita, malighafi, na kama kazi imenunuliwa, imetolewa zawadi au imeazimwa. Kwa mkeka, muulize msusi ukindu ulikatwa wapi, umetiwa rangi gani, na nakshi ile yeye anaiitaje. Mikeka mitano yenye majina ya wasusi wake ni bora kwa maktaba kuliko hamsini isiyojulikana imetoka kwa nani. Namba usiiandike kwa wino juu ya kazi wala usiibandike kwa gundi. Iandike kwa penseli kwenye utepe wa pamba, kisha ushone utepe huo upande wa nyuma kwa mishono miwili.

Zawadi, ununuzi na azimo vyote viwe na karatasi iliyotiwa saini na pande mbili. Azimo liwe na tarehe ya kurudisha. Kununua picha si kununua haki ya kuichapisha, kwa hiyo ruhusa ya kuipiga picha na kuitoa kwenye kalenda au mtandaoni iombwe hapo hapo, kwa maandishi.

Sasa ukuta. Majengo ya zamani ya mawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini, na koga huanzia nyuma ya fremu pasipoonekana. Pima hivi: bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 ukutani, kingo zote zizibwe kwa utepe, kiache saa 24. Matone yakiwa upande wa ndani, maji yanatoka ukutani. Tafuta ukuta mwingine. Yakiwa nje, ni unyevu wa hewa, na hapo dawa ni kupitisha upepo. Hata ukuta mkavu uachiwe nafasi ya sentimita 2 au 3 nyuma ya picha kwa vipande vya mbao kwenye pembe za chini za fremu.

Msumari kwenye lipu ya chokaa humomonyoa shimo lake na siku moja hutoka pamoja na picha. Funga ubao mmoja mrefu juu ya ukuta kwa skrubu na plagi zilizoingia kwenye jiwe lenyewe, kisha ning'iniza kila picha kwa waya mbili. Mshipi wa kuvulia haufai, kwani fundo lake hulegea kidogo kidogo. Katikati ya picha pawe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Sehemu ya watoto, shusha.

Mkeka ndio unaotaka uangalifu kuliko vyote. Ukiutundika kwa pembe mbili, uzito wote unakaa kwenye mishono na mkeka unapinda. Shona mfuko wa kitambaa cha marekani upana wote wa juu, upitishe fito ndani yake, na ukili, yaani utepe uliosukwa ambao mkeka umeshonwa kwao, usimame wima ili mishono isibebe uzito. Kitambaa hicho kifuliwe kwanza kitoke wanga, maana wanga huvutia wadudu. Rangi za ukindu hupauka kwa jua na hazirudi: weka mwanga usiozidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), mbali na dirisha, na baada ya miezi 3 mkeka upumzike kabatini ukiwa umeviringishwa, usikunjwe. Msala, yaani mkeka wa kuswalia, usitandikwe sakafuni panapopitwa na viatu. Uwekwe juu ya meza ya kuonesha.

Kofia ijazwe bafta (kitambaa chepesi cheupe cha pamba) iliyofuliwa ili isibonyee. Gazeti huipaka wino na kuitia umanjano.

Kazi mpya ya ukindu au kitambaa isiingie kabatini moja kwa moja. Ikiwa kavu kabisa, ifunge kwenye nailoni, toa hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi -18 au chini zaidi kwa wiki 2. Umeme ukikatika hadi friza ikapoteza baridi, hesabu ianze upya. Ikitoka, isifunguliwe kwa saa 24, la sivyo unyevu utagandia juu yake. Picha zilizochorwa kwa rangi usizitie humo; rangi hupasuka.

Kuanzia Machi hadi Mei, masika inapokuwa kali, kagua kila wiki kwa tochi: nyuma ya fremu, ndani ya mikunjo, chini ya vinyago. Unga mpya chini ya kinyago au fremu ya mbao maana yake bungua, wadudu watoboao mbao, bado wamo. Kazi hiyo itolewe siku ile ile na ifungiwe peke yake.